Mapenzi ya Venice hayaanzi kwenye teksi

Dada, umeuliza kama unaweza kuandika riwaya ya mapenzi inayotokea Venice ilhali hujawahi kufika Italia, na umetuwekea mwanzo wake: Neema anashuka kwenye teksi mbele ya hoteli, hatua chache kutoka daraja la Rialto. Unaweza kabisa. Ila gari hilo liondoe leo hii. Magari yanaishia Piazzale Roma, ukingoni mwa mji. Kuanzia hapo ni miguu au boti. Na hapo ndipo ulipo utamu wa hadithi yako! Neema akokote begi lake kwenye ngazi za madaraja, apotee vichochoroni, maana namba za nyumba hazifuati mtaa, zinahesabiwa kwa wilaya nzima, na wilaya za mji ni sita. Aliyepotea huuliza njia. Basi na amuulize yule kijana atakayempenda.

Gondola, ile boti nyembamba ya kupigwa kasia, usiitegemee sana, hiyo ni ya watalii. Wenyeji hupanda vaporetto, boti ya abiria yenye vituo vyake kama daladala.

Ukitaka usiku mzito, tumia maji ya bahari kujaa mjini. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187 juu ya kipimo cha usawa wa bahari. Ving'ora hulia kwanza. Wapenzi wako wawe wamegombana ghorofani, na hakuna anayeweza kutoka. Angalia mwaka tu: tangu Oktoba 2020 malango ya kuzuia bahari yanafanya kazi.

Sura ya pili tuletee, nimeshampenda Neema.