Filta ya maji haibadilishwi siku maji yamekatika. Niulizeni mimi

Mkuu, rudisha hiyo pipe renchi (spana ya chuma ya mabomba) uliyoazima kwa mwenyewe kwanza, halafu tuongee.

Umeandika kwamba uko Lindi, mashine yako ya kuchujia maji ni ya vikombe vitatu, vile vya plastiki vinavyobeba filta, maji yanadondoka badala ya kutoka, filta mpya umeshanunua, na kazi utaifanya Jumamosi kwa sababu Jumamosi mtaani kwenu maji hayapo, "kwa hiyo sina haja ya kuhangaika na valvu". Ukimaliza unapanda gari kwenda harusini Kilwa. Wachangiaji wa juu yangu hapa jukwaani wamekupigia makofi. Mimi nimeisoma hiyo sentensi nikasikia harufu ya korosho zilizolowa, maana akili hiyo hiyo niliwahi kuwa nayo, na nilijiona mjanja kweli.

Ilikuwa Oktoba 2024. Niko Mtwara mjini, Magomeni. Mashine yangu imefungwa ukutani jikoni na laini yake inatoka kwenye mita moja kwa moja, haipiti kwenye simtanki. Maji kipindi kile yalikuwa yanatujia kwa zamu, mara nyingi usiku. Valvu ya chini ya sinki ilishakufa zamani, unazungusha inazunguka kama feni, haifungi kitu. Nikaona kuibadilisha ni gharama ya bure wakati siku za kukosa maji ziko tele. Jikoni kuna mlango wa stoo. Stoo kulikuwa na magunia manne ya korosho ghafi, kilo 80 kila moja, ya mama mkwe wangu. Shamba lake liko upande wa Naliendele, nyumba yake ilikuwa inaezekwa upya, akaomba mzigo ulale kwetu siku chache mpaka chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kianze kupokea korosho.

Waliokuwa kusini mwaka ule wanakumbuka. Mnada wa kwanza bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakawa wanazilinda korosho kama mtoto mchanga. Na mimi nikapewa nizilinde.

Sasa huyo kijana wa duka nililonunulia filta. Alinipa mashauri matatu bila mimi kumuomba. Nisubiri siku maji hayapo, ni rahisi zaidi. Ile ringi ya mpira inayoziba kati ya kikombe na kifuniko niipake mafuta ya mgando. Na kikombe nikikaze kwa pipe renchi "mpaka ilie". Ilie nini? Ni plastiki ile, si mbuzi! Lakini mtu akiwa nyuma ya kaunta na penseli sikioni, unamwamini.

Siku ikafika, bomba kavu. Kikombe cha kwanza kikagoma kufunguka kwa mkono. Nikaleta pipe renchi ya shemeji, nikaongezea na kipande cha bomba mwishoni ili nipate nguvu. Pale juu ya kifuniko kuna kitufe chekundu. Nimeishi na mashine ile miaka miwili nikidhani ni taa iliyoungua. Kumbe kile kitufe unakibonyeza ili presha iliyobaki ndani itoke, na ikishatoka kikombe kinafunguka bila ugomvi. Ukiona kikombe kimegoma, mara nyingi ni presha tu imenaswa humo ndani, hata kama bombani hakuna maji. Sisi tunakimbilia vyuma.

Nikatoa filta za zamani, zimekuwa rangi ya tope la mkoko. Nikaweka mpya. Ringi nikaipaka mafuta ya mgando mpaka ikang'aa kama mwali, nikairudisha. Haikukaa vizuri kwenye mfereji wake, upande mmoja ulikuwa umechomoza, nikajiambia nikikaza itajipanga yenyewe. Nikakaza. Kikombe cha kati kikalia, "kaa", kasauti kadogo kama ganda la korosho likibanwa. Nikafurahi! Nikajua ndio huo mlio tulioambiwa.

Nikafungua bomba kupima. Halikutoka tone, maji si yalikuwa yamekatika? Nikaangalia chini ya vikombe, pakavu. Nikamwita mama watoto aje aone kazi ya fundi. Pakavu kabisa mke wangu, njoo ushike. Tukalala.

Saa tisa usiku maji yakaja. Mnaoishi kwa maji ya zamu mnaijua hali ile, upepo unatangulia, bomba linakohoa, linapiga chafya, kisha maji yanaingia kwa kishindo. Na usiku wa manane presha inakuwa kubwa kuliko mchana kwa sababu watu wamelala, hakuna anayechota. Kishindo hicho ndicho kilichokutana na kikombe changu chenye ufa. Nilisikia mlipuko nikadhani mtungi wa gesi. Kufika jikoni, kikombe kiko sakafuni, filta imeviringika mpaka mlangoni, na maji yanapiga ukuta wa pili kama mpira wa zimamoto.

Nikazungusha valvu. Feni. Nikakimbilia mita nje, na kaptula tu, tochi ya simu mdomoni. Koki ya mita imefunikwa na mchanga, sijawahi kuigusa tangu nihamie. Nikachimba kwa mikono, nikaipata, imekaza kwa kutu. Kwa kukisia ilinichukua dakika ishirini mpaka kukata maji. Jirani akatoka akaniona nimepiga magoti gizani nachimba uani kwangu. Mpaka leo nadhani hajaamini maelezo yangu.

Ndani, maji yalishapita chini ya mlango wa stoo. Magunia yalikuwa yamesimama juu ya sakafu tupu, na lile nalo kosa langu, maana hata mtoto wa Mtwara anajua korosho zinawekwa juu ya mbao. Juti linanyonya maji kama utambi wa koroboi. Magunia mawili yalilowa mpaka nusu. Asubuhi tukamwaga korosho uani juu ya turubai, mtaa mzima ukapita kutoa pole na kuuliza. Mmoja akasema tunaloweka ili tupate uraka. Uraka ni pombe inayotoka kwenye bibo, lile tunda la mkorosho, ndugu yangu, si kwenye korosho, lakini sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Korosho ikilowa haisahau. Ganda linapiga madoa meusi, na ndani ukichelewa kuianika ukungu unaingia. Tulizianika, zikakauka, tukachambua, zilizoharibika kabisa tukatupa. Kwenye kupokea mzigo, mpokeaji akachota kiganja, akakata chache, akatazama kokwa, akanitazama mimi. Magunia mawili makavu yakapita daraja la kwanza. Zile nyingine zikaenda la pili. Nilimlipa mama mkwe tofauti yake kwa awamu mbili, jumla laki nne na nusu. Hapo sijagusa bili ya maji ya mwezi ule wala kikombe kipya.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliketi kwenye mkeka, akasema taratibu, "Baba Rahma, haya maji zamani si tulikuwa tunachemsha tu?" Bora angenitukana.

Nikarudi dukani. Kijana yule yule, penseli ile ile. Nikamuonyesha kikombe chenye ufa. Akakigeuzageuza, akasema, "Kaka, wewe ulikaza sana." Wallahi. Nilikaza sana! Nikamuuliza nani alisema ikazwe mpaka ilie, akanijibu kila mteja na mkono wake. Nikatoka nikanunua madafu mawili nikanywa nimesimama pale barabarani, maana ningebaki mle ndani ingekuwa kesi.

Kwa hiyo nakuomba Mkuu, hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa: FILTA INABADILISHWA SIKU MAJI YAPO. Tena yanatoka kwa nguvu, tena mchana, na wewe hutoki nyumbani siku hiyo. Unafunga valvu, unafanya kazi, unafungua valvu polepole, unatazama. Ringi yangu iliyochomoza ingeanza kudondosha maji ndani ya nusu dakika, ningeona, ningefunga, ningeipanga upya, ningelala na heshima yangu. Siku ya bomba kavu kila kazi inaonekana nzuri. Hata ukisahau kuweka ringi kabisa, chini patakuwa pakavu, utajipongeza, na majibu utayapata ukiwa Kilwa kwenye pilau.

Na kama sababu ya kukwepa ni valvu mbovu, basi kazi yako ya kwanza ni valvu, si filta. Mwite fundi bomba aweke nyingine. Bei yake ukiilinganisha na magunia mawili ya korosho utacheka. Halafu nenda kaichimbue koki ya mita leo, jua likiwa linawaka, uone kama inazunguka.

Kukaza ni kwa mkono. Kinachozuia maji pale ni ringi ikiwa imekaa kwenye mfereji wake. Nguvu zako hazizibi kitu, zinaisukuma ringi itoke na kupasua plastiki kwenye nyuzi zake. Mashine nyingi zinakuja na spana yake ya plastiki yenye duara, hiyo itumie kufungulia, na kwenye kufunga ukimaliza kwa mkono uongeze kidogo tu. Chuma weka mbali. Ringi ifute, ipapase kwa kidole, ikiwa na mkwaruzo au imekuwa bapa nunua nyingine. Ya kupaka ni grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na baadhi ya aina za mpira zikikaa nayo zinavimba na kulegea. Huna grisi hiyo? Ilowanishe kwa maji tu, usije ukapaka ya kupikia.

Filta yako mpya ina nailoni imeizunguka, itoe. Usicheke, kuna mtu namfahamu alilalamika wiki nzima maji hayapiti. (Si mimi. Kwa mara moja si mimi.)

Ukifungua maji, kabla hayajafika kwenye mashine acha bomba la nje litiririke kwanza, hasa kama yamerudi baada ya mgao, maana ya mwanzo yanakuja na kutu na tope la bomba, na utaziba filta mpya siku ya kwanza. Filta ya mkaa itatoa maji meusi mwanzoni, ni vumbi la mkaa wenyewe, mwaga mpaka yawe meupe. Kisha chukua tishu, weka moja chini ya kila kikombe, kaa nayo hapo hapo. Tone dogo ambalo jicho halioni tishu inalionyesha. Mimi naziacha mpaka kesho yake, na usiku maji yakikohoa naamka kwenda kuzikagua. Mama watoto anasema nimerogwa.

Kuhusu kuchemsha, ndiyo, chemsha. Filta ya kuzuia tope na ya mkaa haziui vijidudu, na mkaa unaondoa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu iliyotiwa kwenye maji, kwa hiyo ukiyaweka ndooni baada ya kuchuja hayana tena kinga. Mama mkwe alikuwa sahihi, usimwambie nimesema.

Kulikuwa na maswali mengine umeuliza, nadhani kuhusu namba za mikroni (ukubwa wa matundu ya filta) na kama filta za zamani zinaoshwa. Wachangiaji wengine watakujibu, mimi hapa mikono inatetemeka nikiikumbuka ile koki ya mita.

Jumamosi nenda harusini ule pilau, filta za zamani ziache humo humo zilivyo. Utakaporudi, siku maji yapo, ndipo uanze. Na kama karibu na jiko lako kuna gunia la mtu yeyote yule, lihamishe kwanza.