Maswali na Majibu ya Kompyuta: Kufomati D Bila Kuigusa C

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina diski (hard disk) ya GB 500 iliyogawanywa C na D. Windows 10 iko C. D imejaa muvi na mafaili ya zamani, na siku hizi inafunguka kwa kusuasua. Nataka kuifomati mwenyewe. Je, Windows itafutika? Na mbona ukubwa wote unasoma GB 465 tu?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Windows haitafutika, ndugu msomaji. Kitakachopotea ni kila kilichomo D, zikiwemo programu na michezo uliyoiweka huko. Angalia pia kama folda ya Documents au Desktop haikuhamishiwa D, maana mafundi wengi hufanya hivyo bila kumwambia mwenye mashine.

Nakili unavyovitaka kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili kadhaa kutoka hukohuko ulikonakilia. Ikoni yenye kishale kidogo kwenye kona ni njia ya mkato tu. Ukinakili hiyo, faili lenyewe unaliacha nyuma lifutwe.

Sasa ipe D jina jipya, tuseme FUTA. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bonyeza Enter. Chini utaona diski yako kama mstari uliokatwa vipande. Vile vidogo visivyo na herufi usiviguse kabisa, kwani kimoja ndicho kinachoiwasha Windows. Tafuta FUTA, hakikisha na ukubwa wake, ubofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Format. Ninasisitiza jina na ukubwa kwa sababu ukiwasha kompyuta kwa flashi ya kuwekea Windows, herufi huweza kubadilika, na hapo ndipo watu hufuta C wakidhani ni D.

Kwenye mfumo wa kupanga mafaili (File system), chagua NTFS. Mfumo wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo muvi ndefu zenye picha safi zitakataliwa. Sehemu ya Allocation unit size iache kama ilivyo. Kisha toa tiki kwenye Quick format. Ufomati wa haraka huandika upya orodha ya mafaili tu na huisha kwa sekunde chache. Ule kamili hupita diski nzima ukiandika sifuri na kukagua sehemu mbovu, na kwa D inayosuasua ndio unaohitajika. Kwa GB 250 tenga saa moja au zaidi. Umeme ukikatika katikati, D itasoma RAW, yaani Windows haitaweza kuifungua. Usiogope, C iko salama, ila D utaianza upya. Ukiwa na UPS (betri ya akiba ya kompyuta), itumie.

Ikikataa ikidai D inatumika, funga madirisha yote. Ikiendelea kukataa, huenda Windows imeweka faili la kumbukumbu pepe huko. Bonyeza tena Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia mipangilio ya Virtual memory, liondoe D, uwashe upya.

Ufomati ukikwama kila mara kwenye asilimia ileile huku diski ikigonga tik-tik, diski inakufa, na kufomati hakuitibu. Kama haigongi, zima, chomoa waya wa SATA (unaounganisha diski na bodi ya kompyuta) ncha zote mbili, pangusa vumbi (kiangazi cha Dodoma tunakijua), uurudishe vizuri. Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, usome safu za 05 na C5, zinazohesabu sehemu mbovu. Namba zake zikizidi kupanda, nunua diski nyingine.

Hizo GB 465 hazijaibwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huihesabu kuwa 1,073,741,824.

SWALI: Nimefomati D kimakosa, kwa njia ya haraka, na picha za harusi zilikuwa humo. Zinarudi?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Kwa diski ya kuzunguka, nafasi ni nzuri mradi usiandike chochote D kuanzia sasa. Kwa SSD (diski isiyozunguka) nafasi ni ndogo mno, kwa kuwa Windows huiarifu SSD kuwa maeneo hayo hayahitajiki tena, nayo huyasafisha yenyewe. Tumia PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa mafaili. Iendeshe kutoka kwenye flashi na uhifadhi inachookoa kwenye diski nyingine, kamwe si D. Majina ya mafaili hayatarudi, hivyo jiandae kuzichambua picha moja moja.