Laptopu imeikataa flashi ya Windows: je, madabodi imekufa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasulu. Laptopu yangu ya HP siku hizi inaganda kabla haijamaliza kuwaka. Nimeazima flashi ya Windows 10 iliyotumika kwenye kompyuta ya zamani ya ofisini bila shida. Kwangu nikibonyeza F9 orodha ya kuchagua iwakie wapi inakuja, ila flashi haimo. Fundi anasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, niandae hela. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, Mwalimu. Madabodi iliyokufa isingekuletea hata hiyo orodha. Hapa Mwanga naletewa mashine za namna hii kila mara, mwenyewe ameshatajiwa bei ya madabodi, kumbe kosa ni la flashi.

Kompyuta ya zamani inawaka kwa mtindo wa BIOS, programu ndogo ya ndani inayoiamsha mashine: inasoma mwanzo kabisa wa diski na kufuata maelekezo inayoyakuta pale. Laptopu yako inatumia UEFI, mrithi wa BIOS, na hiyo inatafuta faili maalumu, bootx64.efi, kwenye folda ya efi. Tena kwa kawaida inasoma flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 tu. Flashi iliyoandaliwa kwa mtindo mwingine, NTFS, kwa ajili ya mashine ya zamani, laptopu yako haioni kitu. Ikiwa Windows yenyewe ni ya biti 32, toleo la mashine za zamani, utakuta bootia32.efi, nayo haitakusaidia. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine uangalie mwenyewe. Na kama ndani kuna faili moja tu la ISO, yaani kifurushi cha Windows ambacho hakijafunguliwa, mtu alikopi akadhani amemaliza.

Iandae upya kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi za namna hii: chagua GPT (mpangilio wa diski unaoendana na UEFI) na UEFI, tumia faili la Windows la biti 64 kutoka Microsoft. Flashi ya GB 8 inatosha, ila vilivyomo vyote vitafutika.

Lakini nani alikuambia dawa ni kupiga Windows, yaani kufuta na kuiweka upya? Hapa ndipo mafundi wa haraka wanaponikera. Laptopu ikiwa nzito, piga Windows. Ikiganda, piga Windows. Sauti haitoki, piga Windows! Kuganda wakati wa kuwaka mara nyingi ni diski inayoelekea kufa, na ukiifomati mitihani na matokeo ya wanafunzi vinakwenda nayo, halafu baada ya muda inaganda tena.

Wengine flashi ikigoma wanakimbilia kuchokonoa BIOS (hata UEFI mafundi bado wanaiita hivyo): wanazima Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizotambulika wakati wa kuwaka, wanafuta TPM, chipu inayotunza funguo za siri, wanaibadilisha BIOS yenyewe. Flashi halali ya Windows haihitaji hayo. Laptopu nyingi za sasa diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila mwenyewe kujua. Ukichezea hapo, ikiwaka inadai namba ya tarakimu 48. Namba hiyo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza, na wengi akaunti hiyo walifunguliwa na muuza duka, nywila hawaijui. Usimwachie mtu mashine kabla hujaingia kwenye akaunti yako ukainakili namba hiyo.

Wewe anza na F2 wakati wa kuwasha; HP wameweka humo kipimo cha diski, ni bure. Kikisema diski imefeli, usipige Windows juu yake. Washa kwa flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha hela uliyoandaa kwa madabodi nunulia SSD, diski mpya ya kisasa.