Jibu: Nextcloud, tuiweke ofisini au tulipie?

Mkuu, umeuliza kama asasi yenu, yenye ofisi Mwanza na Dodoma, iweke Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili na kuyafanyia kazi pamoja mtandaoni, kwenye seva ya ofisini au ilipie kampuni iiendeshe. Kama hamna fundi wa kudumu, lipieni.

Programu yenyewe ni bure tangu ilipoanza 2016. Kazi ni kuitunza. Kila toleo kubwa hupata marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mmoja tu, kisha lazima mhamie jipya. Asiyehama anawaachia wadukuzi mlango wazi. Halafu seva ikiwa Mwanza na umeme ukikatika huko, wa Dodoma nao wanakosa mafaili. Kampuni nzuri ina jenereta, nakala rudufu za kila siku na mtu wa zamu, nyie mnabaki kuandika ripoti zenu pamoja, na mkikosea mnarudi kwenye nakala ya jana.

Ila kabla ya kusaini, waombe wakurejeshee faili lililofutwa, ukiangalia. Nakala rudufu isiyojaribiwa mimi siiamini kabisa. Uliza pia seva ziko nchi gani, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya Tanzania.