Usiibomoe nyumba ya wazazi, anza na dari

Pole na baridi, dada. Nimekuelewa: nyumba hapo Uyole, Mbeya, ni ya tofali mbichi, bati halina dari, Juni na Julai mnalala na jiko la mkaa ndani, na fundi anataka mbomoe mjenge kwa tofali za kuchoma.

Jiko hilo litoke chumbani leo. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini.

Kubomoa siungi mkono. Ukuta mnene wa udongo hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, wakati tanuri la tofali linameza magogo, na milima yetu inaonekana inavyobaki uchi. Joto lenu linapotelea juu. Pigeni dari ya mbao za paini, zinazopandwa huku huku Sao Hill, Mufindi. Zibeni upenyo kati ya ukuta na bati, mkiacha matundu machache ya hewa.

Plasta ya saruji msiikubali, hata fundi akisisitiza. Inafungia unyevu ndani, kisha tofali mbichi linameguka. Tumieni udongo na mchanga, au chokaa. Gata nayo muhimu, maji yasiloweshe msingi.

Dirisha jipya likae kaskazini, ndiko jua la Juni linakopita. Ila kabla ya kutoboa ukuta mwiteni mhandisi: Mbeya iko Bonde la Ufa, matetemeko yapo. Mkiongeza chumba baadaye, ulizieni tofali za kufungamana. Zinashindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, hazichomwi.