Mama anaishi peke yake, nitajuaje kama yuko kwenye hatari ya kuanguka?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mama yangu ana miaka 76, anaishi mwenyewe Muheza, sisi watoto wote tuko Dar. Juzi jirani kanipigia eti mama kaanguka uani, nikimuuliza anacheka tu, "niliteleza mwanangu." Kuna kipimo cha kujua mapema kabla hajavunjika nyonga?

JIBU: Kipimo cha kwanza kashakupa jirani. Mzee akishaanguka mara moja ndani ya mwaka, uwezekano wa kuanguka tena unapanda sana, na hilo "niliteleza" wazee wengi ndo wimbo wao maana wanaogopa mkijua mtawahamishia mjini. Usibishane naye.

Ukienda kumsalimia chukua kiti cha kawaida, sio sofa, pima mita 3, chora mstari kwa chaki. Mwambie ainuke, atembee mwendo wake uleule hadi kwenye mstari, ageuke, arudi akae, we hesabu kwa saa ya simu huku uko karibu umdake. Zikifika sekunde 12 au zaidi ujue hatari ipo. Ila usikodolee saa tu, angalia anavyoinuka, anajisukuma kwa mikono? Anageuka kwa vihatua vidogo vidogo? Baadaye mkiwa mnatembea uani msemeshe, ukiona anasimama kwanza ndo akujibu, hiyo nayo ni dalili.

Halafu presha. Alale dakika 5 apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, ama ya chini 10, mpeleke hospitali na dawa zake zote kwenye mfuko, mara nyingi utakuta ni za presha, za kukojoza au za usingizi zinamlegeza. Usimwachishe wewe lakini! Na macho wayaangalie, mtoto wa jicho unaangusha wengi.

Lala kwake usiku mmoja usikilize anavyoamka kwenda choo. Mimi kwa bibi yangu niligundua swichi ya taa iko upande wa pili wa chumba, anavuka gizani na ndala zilizoisha soli, kanga inaburuza. Tulinunua tochi ya kuwekwa chini ya mto na kopo la kukojolea, basi.

Kwa anayeishi peke yake kinachonitisha zaidi ni kulala chini masaa bila mtu kujua. Simu aivae shingoni, na ongea na yuleyule jirani, dirisha lisipofunguliwa hadi saa moja asubuhi apige hodi, vocha umtumie wewe.