Andiko langu la kwanza lilikataliwa kwa haki

Nilipoomba feloshipu ya utafiti kwa mara ya kwanza, nikisoma uzamili wa afya ya jamii, nilijaza kurasa mbili nikieleza jinsi malaria inavyoua watoto. Nilikataliwa. Katika maoni yao, mmoja wa waliolipitia andiko aliuliza swali langu la utafiti ni lipi. Nikalisoma upya. Halikuwamo.

Watu wanaopitia maandiko haya ni watafiti, na malaria wanaijua kuliko mimi. Wanachotaka kuona ni swali linaloweza kujibika ndani ya muda wa ufadhili, na mtu atakayekushika mkono. Chukua feloshipu za Fogarty, kituo cha NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani: mafunzo ni ya miezi 12. Kibali cha maadili ya utafiti kikichelewa miezi minne, unabaki na minane ya kukusanya takwimu, kuzichambua na kuandika. Swali pana litakuvunja.

Mara ya pili nilimwendea msimamizi wangu miezi mitatu kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Alinirudisha mara tano. Kutoka "malaria kwa wajawazito" tukafika hapa: kwa nini mama aliyemeza dozi ya kwanza ya SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, kliniki hafikishi dozi tatu, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachopendekezwa na WHO? Hilo lilipita, na ninaamini lilipita kwa sababu ya zile mara tano.

Masharti yasome kabla hujaandika hata mstari mmoja. F31, feloshipu ya NIH kwa wanafunzi wa uzamivu, ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Nimeona wenzangu wakipoteza wiki nzima kabla ya kuligundua hilo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, lakini inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi kwenu kwa miaka miwili. Wanawake kutoka nchi zinazoendelea wanaotaka uzamivu waitazame OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea.

Uliza pia nani analipia bima, na kama fedha za kazi ya uwandani ziko kando na posho ya kujikimu. Barua ya mapendekezo iombe kwa aliyeiona kazi yako, hata kama hana cheo kikubwa.

Na kama dirisha linafungwa wiki ijayo, nawe hujazungumza na msimamizi, ngoja duru ijayo. Anza naye kesho.